Hataza za mitambo na vifaa tiba: maswali ya mafundi wa Arusha na Moshi

Maswali haya hutoka kwa watu wanaotengeneza vitu: mafundi wa kuchomelea wa mtaa wa Unga Limited, wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha, mafundi sanifu vifaa tiba wa hospitali za mikoa yetu miwili, wauguzi wanaobuni kitu kwa sababu kilichoagizwa nje hakijafika au hakimfai mgonjwa wa huku. Majibu hayalingani urefu. Yale yanayoweza kumpotezea mtu haki yake nimeyakalia. Mengine nimeyapitia tu.

Nimetengeneza kifaa kipya na Nane Nane inakaribia. Nikionyeshe Themi kwanza, halafu nikiandikishe baadaye?

Hapana. Wasilisha ombi la hataza (patent) kwanza, maonyesho yafuate. Naliweka swali hili mbele kwa sababu kosa la hapa likishafanyika mara nyingi halina dawa.

Sheria inataka uvumbuzi uwe mpya, na upya wenyewe hupimwa kwa dunia nzima. Kitu kilichowekwa hadharani popote kabla ya siku ya kuwasilisha ombi si kipya tena, hata kama aliyekiweka hadharani ni wewe mwenyewe. Meza yako kwenye viwanja vya Themi ni hadharani. Video ya TikTok ni hadharani. Picha uliyoirusha kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wenzako nayo inahesabiwa, maana hakuna aliyekuahidi kutunza siri. Vivyo hivyo tasnifu iliyoingia maktaba ya chuo, bango la utafiti kwenye kongamano, na kipindi cha redio ulichoeleza namna gia zinavyoshikana.

Nafuu zipo, ila ni nyembamba. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipojitangaza mwenyewe. Ulaya ni wakali: nafuu yao ya miezi 6 inahusu mambo machache, kama uvumbuzi kutolewa na mtu aliyekusaliti, au maonyesho maalumu ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi, na Nane Nane haimo. Usipange safari yako kwa kutegemea nafuu.

Ukilazimika kukionyesha kabla ya kuomba, onyesha kazi inayofanywa na kifaa na ufiche kilivyo ndani. Funika gia, usigawe michoro, usiache mtu akifungue. Anayelazimika kuona ndani, kwa mfano mchonga vyuma anayekutolea kipuri kwenye mashine ya lethi, asaini kwanza mkataba wa kutunza siri. Ukurasa mmoja unatosha ukiwa na majina, tarehe, kitu kinachofichwa na saini za pande zote. Na kabla ya kujaza fomu ya mashindano, yawe MAKISATU (yale ya kitaifa ya ubunifu) au mengine, uliza waziwazi ni nani watakaosoma maelezo yako na yatachapishwa lini.

Ukishapokelewa ombi na kupewa tarehe, nenda Themi ukajidai.

Hataza ni nini hasa?

Ni haki unayopewa na dola ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie kibiashara, wasiuze wala kuingiza nchini uvumbuzi wako kwa muda maalumu. Nawe kwa upande wako unaueleza uvumbuzi huo waziwazi, kiasi kwamba fundi mwingine akisoma anaweza kuutengeneza. Muda ukiisha, ni mali ya wote.

Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa 1987 na kuanza kutumika 1994. Hataza inayotolewa kwa sheria hiyo hudumu miaka 10 tangu siku ya kuwasilisha ombi, na inaweza kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara, ukionyesha kwamba uvumbuzi unatumika kweli. Jumla inafika miaka 20, ambayo ndiyo kawaida ya nchi nyingi.

Sasa shika jambo moja ambalo linawachanganya hata wasomi: hataza inazuia, hairuhusu. Kuwa nayo hakukupi kibali cha kuuza kifaa, hakusemi kwamba kifaa ni salama, wala hakusemi kwamba kinafanya kazi vizuri. Unaweza kuwa na hataza halali ya kifaa ambacho hakuna hospitali inayoruhusiwa kukigusa.

Hakimiliki na alama ya biashara je?

Hakimiliki inalinda maandishi, michoro, muziki, programu za kompyuta. Mwongozo wako wa matumizi unalindwa hivyo. Mashine yenyewe hailindwi. Alama ya biashara inalinda jina na nembo. Kwa fundi mdogo, jina linaloaminika sokoni linaweza kumlisha kwa muda mrefu kuliko hataza, hivyo usilidharau.

Nimebadilisha tu kitu kilichokuwepo. Naweza kupata hataza?

Uvumbuzi mwingi duniani ni kubadilisha kilichokuwepo. Swali ni ukubwa wa hatua. Hataza inataka mambo matatu: upya, hatua ya kivumbuzi (yaani mtaalamu wa fani hiyo asiione kuwa ni jambo la wazi), na uwezekano wa kuzalishwa au kutumika katika kazi. Kubadili bomba la mviringo kuwa la mraba kwenye fremu ya kitanda hakuna hatua. Kubadili fremu hiyo ili muuguzi mmoja aweze kumwinua mgonjwa mzito bila umeme, kwa mpangilio wa viungo ambao haujawahi kuonekana, hapo kuna hoja.

Kifaa chako kikiwa kipya na kinatumika lakini hatua yake ni fupi, sheria yetu ina cheti cha aina ya pili, cha uvumbuzi mdogo. Hakidai hatua ya kivumbuzi, na muda wake ni mfupi kuliko wa hataza. Kwa mashine za kupukuchua mahindi, za kumenya kahawa, mikokoteni na vitanda vya wagonjwa, mara nyingi hiki ndicho kinachofaa, na ningependa mafundi wetu wakijue zaidi.

Mimi ni muuguzi. Nimegundua namna bora ya kumgeuza mgonjwa aliyepooza asipate vidonda. Je, inaandikishwa?

Namna yenyewe haiandikishwi. Sheria yetu inaziacha nje njia za kutibu mwili wa mtu au mnyama kwa upasuaji au tiba, pamoja na njia za kupima maradhi. Ulaya wana katazo la namna hiyohiyo. Naona ni sahihi kabisa: daktari asisimame kitandani akijiuliza kama anahitaji leseni ya mtu kabla ya kumfunga mgonjwa bandeji.

Lakini kifaa kinachotumika katika njia hiyo kinaruhusiwa. Ukibuni shuka lenye mishipi na rola inayofungwa pembeni ya kitanda ili kumgeuza mgonjwa huyo, shuka na rola ndivyo vya kuandikia ombi.

Nitajuaje kama kitu changu hakijavumbuliwa tayari?

Kwa kutafuta, na kutafuta ni bure. Fungua hifadhi za hataza mtandaoni: Espacenet, PATENTSCOPE ya WIPO (Shirika la Miliki Bunifu Duniani), au Google Patents. Humo mna mamilioni ya hati kutoka nchi nyingi, pamoja na michoro yake.

Watu wengi huandika neno moja, wanapata hati elfu arobaini, wanafunga kompyuta. Tumia alama za mpangilio wa kimataifa. Vifaa tiba viko chini ya A61. Viti mwendo ni A61G 5. Mashine za kutunzia watoto njiti ni A61G 11. Viungo bandia ni A61F 2. Mabomba ya sindano ni A61M 5. Vifaa vya kupima na kuchunguza mwili viko A61B. Kwa upande wa mitambo, kupukuchua mahindi ni A01F 11/06, na mikokoteni ya kusukuma kwa mkono ni B62B. Ingiza alama, ongeza neno moja au mawili, kisha tazama michoro kabla ya maneno. Fundi anasoma mchoro haraka kuliko wakili.

Chukua mfano unaotugusa huku milimani. Mwaka 2005 Amos Winter, akiwa mwanafunzi wa MIT ya Marekani, alikuja Tanzania kuangalia hali ya watu wanaotumia viti mwendo. Kazi iliyofuata ilizaa kiti kinachoitwa Leveraged Freedom Chair: magurudumu matatu, nyenzo mbili, yaani fimbo za kusukuma kwa mkono, na vipuri vya baiskeli ambavyo utavipata katika duka lolote la vipuri mjini. Mtumiaji akishika wenzo juu anapata nguvu ya kupanda mlima au kujikwamua kwenye tope. Akishika chini anapata mwendo kwenye barabara nzuri. Hakuna gia ya kubadili. Ni mkono tu unaopanda au kushuka. Kilijaribiwa na watumiaji hapa Afrika Mashariki.

Basi fundi wa Kibosho akibuni leo kiti cha kusukuma kwa wenzo akadhani ni wa kwanza, utafutaji wa jioni moja utamwonyesha sivyo. Asikate tamaa. Aisome hati mpaka mwisho halafu aulize kiti hicho kinamwacha wapi mtu wa Kibosho. Kinakunjika kiasi cha kuingia kwenye Hiace? Kinahimili kushuka mteremko wa utelezi wakati wa masika bila kumrusha? Kinapita kwenye njia ya migombani? Jibu la "hapana" kwenye mojawapo ndiyo nafasi yake, na sasa anajua mipaka ya nafasi hiyo. Hata kama hutaandikisha chochote maishani, soma hati hizi. Ni maktaba ya ufundi iliyo wazi, na mafundi wetu hawaitumii vya kutosha.

Nikikuta hataza ya Marekani au China ya kitu ninachotaka kutengeneza, nimezuiwa?

Si lazima. Hataza inafanya kazi katika nchi ilikoandikishwa tu. Iliyoandikishwa Marekani peke yake haimzuii mtu wa Moshi kutengeneza na kuuza Tanzania. Na iliyokwisha muda haimzuii mtu yeyote.

Ila fanya uchunguzi kamili. Kampuni ya nje inaweza kuilinda Tanzania bila kuingia BRELA (wakala wa serikali unaosajili biashara na hataza Tanzania Bara) moja kwa moja, kwa kupitia ARIPO, lile shirika la miliki bunifu la kanda lenye makao Harare. Hivyo angalia daftari la ARIPO pamoja na la BRELA. Pia kumbuka mpaka: kitu kilicho huru kwako Arusha kinaweza kuwa kimelindwa Kenya, na ukivuka nacho Namanga au Holili kwenda kuuza umeingia kwenye sheria nyingine.

Wapo pia wenye hataza wanaoamua kuwaachia wengine. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, alibuni mkanda wa usalama wa gari wenye nukta tatu mwaka 1959. Kampuni iliupatia hataza, kisha ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Ndiyo maana mkanda huo umo kwenye karibu kila gari linalopita barabara ya Moshi hadi Arusha. Kwa upande wa viungo bandia, mguu wa Jaipur wa India, ulioanza 1968, haukuwekewa hataza, nao umeenea katika nchi nyingi maskini. Kuachia ni uamuzi halali kabisa. Kinachouma ni haki kukupotea kwa kutojua.

Watu wawili wakibuni kitu kilekile, nani anapata?

Aliyetangulia kuwasilisha ombi. Historia ya katheta ya Foley, ule mpira wa kutoa mkojo kibofuni, inafundisha. Daktari Frederic Foley wa Marekani aliomba hataza mwaka 1936 akakuta Paul Raiche, wa kampuni ya mpira ya Davol, amemtangulia kwa miezi michache. Wakabishana mpaka mahakamani, na hataza ikaishia kwa Raiche. Jina la Foley ndilo linalotamkwa mpaka leo wodini, lakini haki ilikuwa ya mwingine.

Ombi lina sehemu gani, na madai ndiyo nini?

Lina maelezo ya uvumbuzi, michoro, muhtasari mfupi, na madai. Maelezo yanafundisha. Madai yanaweka mpaka. Yachukue kama masale (mimea ya mpaka) yaliyopandwa kuzunguka kihamba (shamba la ukoo): kilichomo ndani ni chako, kilicho nje hata kwa hatua moja ni cha jirani.

Hapa ndipo ombi la fundi hodari linapoharibika, kwa sababu fundi anapenda kusifia. Ataandika: "Breki bora ya kiti mwendo, imara na rahisi kutumia." Sentensi hiyo haijadai chochote. Ubora na urahisi si sehemu za kifaa. Linganisha na hii: "Breki ya kiti mwendo yenye mkono mmoja uliofungwa kwenye fremu, nyaya mbili zinazotoka kwenye mkono huo, moja kwenda gurudumu la kushoto na nyingine la kulia, na kisawazisho kati ya nyaya hizo kinachofanya magurudumu yote mawili yabanwe kwa nguvu sawa hata waya mmoja ukilegea." Sasa tunajua sehemu zilizopo, zinavyoungana, na tatizo linalotatuliwa.

Hatari nyingine ni kujifunga mwenyewe. Ukiandika kwamba mkono ni wa bomba la inchi moja, mshindani atatumia la robo tatu na atakuwa nje ya mpaka wako. Ukiandika "waya", atatumia fimbo. Dai la kwanza liwe pana kadiri ukweli unavyoruhusu. Madai yanayofuata yapunguze upana hatua kwa hatua: ambapo nyaya ni za breki ya baiskeli, ambapo kisawazisho ni kipande cha chuma chenye ekseli katikati, na kuendelea. Mkaguzi akilikataa la kwanza kwa sababu limefanana na kitu cha zamani, unabaki na la pili au la tatu.

Na yote unayoyadai yawe yameelezwa kwenye maelezo. Baada ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza jambo jipya ambalo halikuwemo. Kwa hiyo, kabla ya kupeleka, kaa na mwenzako mliyesaini naye siri umwulize: ungetaka kuniiba bila kukamatwa, ungebadilisha nini? Kila jibu atakalotoa, liandike kwenye maelezo kama namna nyingine ya kutengeneza kifaa.

Ushauri wangu: maelezo na michoro anza mwenyewe, maana hakuna anayeijua mashine kuliko wewe. Madai mpe wakala wa hataza ayapitie, hata kama fedha ni ngumu. Ukibana matumizi, bana kwingine.

Nianzie BRELA, ARIPO au njia ya kimataifa?

Inategemea utakapouza. Soko lako likiwa Tanzania Bara pekee, BRELA inatosha, na usajili wake unaanzia mtandaoni, bila kwanza kupanda basi la Dar es Salaam. Ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, ARIPO ndiyo njia, kwa Itifaki ya Harare ya 1982. Unaweza kulipitishia BRELA au kulipeleka moja kwa moja. ARIPO inakagua undani wa uvumbuzi, kisha kila nchi uliyoitaja ina miezi 6 ya kusema kama haiutambui kwake. Kazi yao ni kwa Kiingereza.

Ukiwaza nje ya Afrika kuna Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, PCT, ambao Tanzania iliingia 1999. Mkataba huu hautoi "hataza ya dunia", na hakuna kitu hicho, anayekuuzia usimwamini. Unachopata ni muda: katika nchi nyingi ni miezi 30 tangu tarehe ya kwanza kabla ya kulazimika kuingia nchi moja moja na kulipa ada zake.

Mpangilio ambao wengi huufuata ni kuwasilisha nyumbani kwanza. Kuanzia siku hiyo una miezi 12 ya kuomba kwingine huku ukihesabiwa kwa tarehe ileile ya nyumbani. Tumia mwaka huo kupima soko. Ukiona hakuna anayekitaka kifaa, umeokoa fedha nyingi.

Gharama ni kiasi gani?

Viwango vya BRELA viko kwenye tovuti yao na hubadilika, hivyo visome huko. Ninachotaka ukijue ni kwamba ada ya kuomba ndiyo ndogo. Kuna ada ya wakala, kuna ada ya kila mwaka ya kuihuisha, na usipolipa haki inakufa hata kama kifaa kinauzwa vizuri. Kwa njia ya PCT, mwombaji raia na mkazi wa nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, hupunguziwa asilimia 90 ya baadhi ya ada. Hakikisha wakala wako ameliomba punguzo hilo.

Mimi ni mwajiriwa wa hospitali, au mwanafunzi wa chuo. Uvumbuzi ni wa nani?

Kama ulibuni katika kutimiza kazi uliyoajiriwa kuifanya, kwa kawaida haki ya kuomba ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Jina lako kama mvumbuzi linabaki lako, nawe dai liandikwe. Mwanafunzi asome sera ya miliki bunifu ya chuo chake kabla ya kutumia maabara, si baada ya kifaa kufanya kazi. Na mkiwa wanne mliobuni pamoja, andikeni mgawanyo mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Sikusoma uhandisi. Nitasikilizwa?

Jorge Odón wa Argentina ni fundi magari. Mwaka 2006, baada ya kuona ujanja wa kutoa kizibo kilichozama ndani ya chupa kwa kutumia mfuko unaopulizwa, alifikiria kifaa cha kumsaidia mama aliyekwama katika kujifungua: mfuko laini unaoshika kichwa cha mtoto kwa hewa. Shirika la Afya Duniani likamwunga mkono, na 2013 kampuni ya Becton Dickinson ikachukua leseni. Hapa kwetu Arusha, Bernard Kiwia alianzia kwenye ufundi wa baiskeli, akavumbua vifaa vinavyoendeshwa kwa pedeli, akawa mwalimu wa wabunifu wengine kupitia kituo cha Twende.

Ombi la hataza haliulizi vyeti vyako vya shule.

Wapi nipate msaada wa kutengeneza sampuli?

Tuna bahati kuliko mikoa mingi. TEMDO, taasisi ya serikali ya kubuni mitambo iliyoanzishwa 1980, iko Arusha na imebuni vitanda vya hospitali na viteketezi vya taka za hospitali. CAMARTEC, taasisi nyingine ya serikali, ipo hapahapa kwa zana za kilimo na teknolojia za vijijini. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina karakana za kuendeleza teknolojia Arusha na Kilimanjaro. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kiko Hai. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ipo Tengeru. Na kwa mguu bandia, magongo na vishikizo vya viungo, Moshi kuna TATCOT, chuo kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1981, ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Mtu anayebuni kiungo bandia mtaani Pasua, hapo Moshi, bila kupita TATCOT anajinyima mwenyewe.

Popote uendapo, mkataba wa siri utangulie.

Nikishapata hataza, hospitali inaweza kuanza kukitumia?

Bado. Kifaa tiba kinahitaji kutambuliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Vifaa vimegawanywa madaraja manne, A hadi D, kwa kadiri ya hatari. Magongo na kiti mwendo viko upande wa hatari ndogo. Kinachopandikizwa mwilini ili kumweka mtu hai kiko upande wa hatari kubwa, na ushahidi unaodaiwa ni mzito zaidi.

Kukijaribu kwa mgonjwa kunahitaji kibali cha maadili ya utafiti, kutoka kamati ya taasisi husika na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ruhusa ya mdomo ya mkuu wa wodi haitoshi, hata akiwa rafiki yako na hata kifaa kikiwa kimesubiriwa kwa hamu. Mgonjwa hajui kuchomelea. Hawezi kukagua kiungo ulichounga. Anakuamini, na kibali kipo kwa ajili ya imani hiyo.

Kabla ya kufika huko, jiulize mambo ambayo fundi sanifu vifaa tiba yeyote atakuuliza. Kifaa kitapanguswa kwa klorini kila siku: chuma chako kitastahimili au kitaanza kutu ndani ya msimu mmoja? Welding ina matundu? Damu ikiingia kwenye tundu haitoki kwa kitambaa. Kona za ndani ni za mviringo au kali? Umeme ukipanda ghafla kitaungua, na ukikatika kitamwachaje mgonjwa? Kipuri kinachochakaa kwanza ni kipi, na kinapatikana Moshi mjini au mpaka kiagizwe? Muuguzi wa zamu ya usiku aliyechoka anaweza kukifunga kinyume? Kama anaweza, siku moja atafanya hivyo. Badilisha umbo la kiungo ili kisiingie kinyume kabisa. Mabadiliko ya namna hii mara nyingi ndiyo yenye uvumbuzi wa kweli, kwa hiyo usiyafanye baada ya kuwasilisha ombi ikiwa unaweza kuyafanya kabla.

Viwango vya kuvijua kwa majina ni ISO 13485 kuhusu mfumo wa ubora wa mtengenezaji, na ISO 14971 kuhusu kuchambua hatari. Ukianza daftari la hatari tangu sampuli ya kwanza, kazi ya baadaye inapungua sana.

Hataza itanipa hela?

Yenyewe haitoi kitu. Hataza nyingi haziwahi kuwalipa wenyewe. Fedha inatoka kwenye kuuza kifaa, kutoa leseni, au kuuza haki nzima.

Marc Koska wa Uingereza alisoma mwaka 1984 kwamba sindano zinazorudiwa zingeeneza virusi vya UKIMWI. Akabuni bomba la sindano liitwalo K1, ambalo pistoni yake hujifunga na kuvunjika ukijaribu kulitumia mara ya pili. Akili yake kubwa ilikuwa kulibuni ili viwanda vilivyokuwepo viweze kulizalisha kwa mabadiliko madogo ya mashine zao, kisha akavipa leseni. Hata hivyo mauzo ya kwanza yalikuja 2001. Pima subira yako kwa miaka hiyo.

Karibu zaidi, Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu na mwanasayansi wa Taasisi ya Nelson Mandela, alishinda tuzo ya kwanza ya uhandisi bunifu Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015, pauni 25,000, kwa kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na chembe za nano. Hakuishia kusubiri wanunuzi wa vichujio. Kampuni yake ilifungua njia ya vituo ambako watu hununua maji yaliyochujwa. Kaya isiyoweza kununua kichujio inaweza kununua ndoo.

Mtu ananiiga. Nifanyeje?

Nunua kimoja, tunza risiti, piga picha, kilinganishe na madai yako sehemu kwa sehemu. Kikikosa sehemu moja ya dai, kesi yako inadhoofika. Kama zote zimo, anza na barua ya wakili inayotoa mlango wa leseni. Mahakama ni ghali kwa wote wawili, na mwigaji mwenye karakana nzuri anaweza kuwa mzalishaji wako.

Nimepokea barua ya nje inayodai nilipe ili uvumbuzi wangu uingizwe kwenye "daftari la kimataifa". Ni ya kweli?

Usilipe. Ombi la PCT huchapishwa baada ya miezi 18, na hapo jina na anwani yako huonekana kwa kila mtu. Wapo wanaozitumia kutuma ankara zenye nembo zinazofanana na za serikali. WIPO yenyewe imekuwa ikitoa tahadhari. Ada halali utaijua kwa wakala wako, BRELA, ARIPO au WIPO.

Hataza ya BRELA inafika Zanzibar?

Haifiki. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake, BPRA. Ukitaka kuuza huko, wasilisha na huko, ndani ya ile miezi 12.